Wakala atuoneshe kwanza

Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa mimea lilichapisha mpangilio mpya wa urujuani wa Usambara na jamaa zake, na katika mpangilio huo jina Saintpaulia likaondolewa kwenye ngazi ya jenasi. Ua hili dogo la kivulini, linaloota kwenye miamba yenye unyevu kuanzia Amani hadi Shume, lilikuwa na jina hilo tangu 1893. Mwaka huo Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, alilieleza kisayansi na kulipa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa huku Usambara aliyelifikisha Ujerumani. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kuonesha kwamba Saintpaulia imo ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus. Kwa hiyo iliyokuwa Saintpaulia ionantha leo ni Streptocarpus ionanthus.

Kwa mtaalamu wa mimea hiyo ni habari ya kusoma na kujadili. Kwa mtunza kumbukumbu ni kazi. Lushoto kuna hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya taasisi ya utafiti wa misitu TAFORI, inayotambulika duniani kwa alama ya TFD. Kuna orodha za mimea ya hifadhi za Amani na Magamba. Kuna takwimu za viumbe zinazoingia kwenye mtandao wa kimataifa wa GBIF. Jina likibadilika, kila faili lenye jina la zamani linataka kuangaliwa. Na kazi ya namna hii, ya kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake katika mamia ya mafaili, ndiyo hasa ambayo watu wengi duniani sasa wanawakabidhi mawakala wa akili mnemba.

Wakala wa namna hii ni programu iliyopewa ruhusa ya kusoma mafaili, kutafuta maneno ndani yake, kuyahariri, na mara nyingi kuendesha amri kwenye kompyuta kama vile mtu amekaa mbele ya kibodi. Waandaaji wa programu ndio waliotangulia kumtumia, kwa ajili ya misimbo. Lakini faili la msimbo na faili la orodha ya mimea, kwa macho ya wakala, yote ni maandishi tu. Safu hii inahusu kifaa kimoja kidogo ambacho naamini wakala yeyote asiruhusiwe kufanya kazi bila hicho: onesho la awali la utafutaji, yaani kumlazimisha aoneshe kila mahali atakapogusa, na patakavyokuwa baada ya kuguswa, kabla herufi hata moja haijabadilika.

Tuanze na ua lenyewe. Mwambie wakala abadilishe Saintpaulia iwe Streptocarpus katika mafaili yote. Amri moja inamaliza kazi kwa sekunde chache, na wakala anakujibu kwamba amekamilisha. Sasa fungua faili. Utakuta Streptocarpus ionantha, jina ambalo si sahihi, kwa sababu Streptocarpus katika kanuni za Kilatini ni ya kiume na mwisho wa jina la pili hufuata: ionanthus. Aina ya Uluguru iliyoitwa goetzeana inatakiwa iwe goetzeanus. Ile ya Shume, shumensis, na ile ya milima ya Taita, teitensis, hazibadiliki mwisho. Saintpaulia pusilla nayo ina mkasa wake: haiwezi kuitwa Streptocarpus pusillus, maana jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na mmea mwingine, hivyo ikapewa jina jipya kabisa, Streptocarpus afroviola. Juu ya hayo, neno Saintpaulia halikufutwa katika sayansi. Limebaki kuwa jina la seksheni ndani ya Streptocarpus, kwa hiyo sentensi yoyote inayoeleza jambo hilo imeharibiwa.

Kuna kosa jingine zito kuliko hayo. Kumbukumbu za sampuli huwa na safu mbili za jina: jina linalokubalika leo, na jina kama lilivyoandikwa kwenye lebo na aliyekusanya. Kanuni za Darwin Core, ambazo GBIF huzitumia, zina safu maalumu za maneno ya asili, ya jina na ya mahali. Lebo ya enzi za Wajerumani ikisema Wilhelmsthal, au Wilhelmstal kwa tahajia ya baadaye, ibaki hivyo hivyo. Jina la leo, Lushoto, linaandikwa kwenye safu nyingine. Wakala aliyebadilisha kila kitu kwa mkupuo amefuta ushahidi, na faili halitalalamika.

Migunga ni mfano mgumu zaidi. Mkutano wa mimea wa Vienna mwaka 2005 uliamua kwamba jina Acacia libaki kwa kundi kubwa la Australia, na mkutano wa Melbourne wa 2011 ukakazia uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa. Mgunga uitwao Acacia tortilis, wa tambarare za Mkomazi chini ya milima yetu, ukawa Vachellia tortilis. Kikwata, Acacia mellifera, kikawa Senegalia mellifera. Mkababu, ambao lebo za zamani huuita Acacia albida, ni Faidherbia albida. Na muwati, ule mti wa kuni na nguzo unaouona kwenye mashamba ya Lushoto, asili yake ni Australia, kwa hiyo unaendelea kuitwa Acacia mearnsii kama zamani. Neno moja la kutafuta, majibu manne, na moja kati ya hayo ni kutogusa kabisa. Hakuna amri moja ya kubadilisha inayoweza kuyapata yote. Kinachoweza ni orodha iliyopangwa mbele ya mtu anayejua.

Nimechagua majina ya mimea kwa sababu makosa yake yanaonekana waziwazi. Chanzo cha tatizo hata hivyo kipo kwenye historia ya vifaa vyenyewe. Ken Thompson alipotengeneza grep katika maabara za Bell mwaka 1973, ilikuwa ya kutafuta tu. Lee McMahon, wa maabara hizo hizo, akatengeneza sed muda mfupi baadaye kwa ajili ya kubadilisha, na hata sed hiyo ya mwanzo haikugusa faili. Ilitoa matokeo kwenye skrini, na mtu akaamua kama ayahifadhi. Kuandika moja kwa moja juu ya faili kulikuja baadaye, kwa kuongeza herufi moja kwenye amri. Kwa miaka mingi, kati ya kutafuta na kubadilisha kulikuwa na jicho la mtu. Hakuna aliyeliita kifaa, kwa sababu halikuhitaji kutengenezwa: mtu alitafuta, akasoma, akakunja uso kwenye mstari mmoja wa ajabu, akarekebisha amri, ndipo akabadilisha.

Wakala amelitoa jicho hilo katikati. Anaweza kusoma, na mara nyingi husoma vizuri. Lakini kila mstari anaousoma hutumia tokeni, yaani vipande vidogo vya maandishi, na tokeni ni fedha na ni nafasi katika kumbukumbu yake ya kazi, kwa hiyo mazoea yake ni kuangalia mifano michache ya mwanzo na kudhani iliyobaki inafanana nayo. Mifano ya mwanzo karibu siku zote hufanana. Tofauti zinakaa ndani.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili kwa sehemu. Kifaa cha kuhariri ambacho kampuni ya Anthropic iliweka kwa ajili ya Claude, akili mnemba yake, kinadai kwamba maandishi yanayobadilishwa yapatikane mahali pamoja tu ndani ya faili. Yakipatikana mara mbili, kifaa kinakataa na kumtaka wakala aongeze maneno ya jirani ili mahali pajulikane. Ni kanuni nzuri sana kwa badiliko moja. Ila wakala akikabiliwa na sehemu mia mbili, hatazipitia moja moja. Atatumia chaguo la kubadilisha zote kwa pamoja, au atatoka nje ya kifaa na kuandika amri ya sed, ambako kanuni ile haimfikii. Ulinzi umewekwa kwenye kazi ndogo, na kazi kubwa imeachwa wazi.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo ninapoona vifaa vilivyopo vinatuacha nyuma. Tuseme taasisi fulani imeamua kwamba katika machapisho yake yote wenyeji wa Lushoto waandikwe Washambaa badala ya Wasambaa. Tahajia zote mbili zinatumika, na uamuzi ni wao. Wakala anajua kwamba Kiswahili hutumia viambishi, kwa hiyo hatafuti neno zima. Anatafuta kiini, sambaa, bila kujali herufi kubwa au ndogo, ili ayapate Msambaa, Wasambaa, Kisambaa na Usambaa. Onesho la awali la faili la mazoezi linatoa hivi:

Wasambaa wa Mlalo → Washambaa wa Mlalo
lugha ya Kisambaa → lugha ya Kishambaa
ugonjwa wa viazi umesambaa hadi Lukozi → ugonjwa wa viazi umeshambaa hadi Lukozi
taarifa zilisambaa kijijini → taarifa zilishambaa kijijini

Mistari miwili ya mwisho inamtosha mtu yeyote anayesoma Kiswahili kusimamisha kazi. Bila onesho hilo, bwana shamba wa Lukozi anapokea kipeperushi chenye neno lisilokuwepo duniani, na hakuna mashine iliyomwonya mtu yeyote.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wana kinga ya kawaida: mpaka wa neno. Unaiambia ruwaza ya utafutaji itafute neno zima tu, lisiloshikamana na herufi nyingine, na matatizo mengi yanaisha. Kwetu kinga hiyo inaumiza kuliko kusaidia. Ukitafuta Sambaa kama neno zima hupati chochote, maana halisimami peke yake. Na ukitafuta neno zima ombe, la kitenzi kuomba, kompyuta inakuletea ng'ombe, kwa sababu kwake alama ya ritifaa si herufi, kwa hiyo neno limekatika pale. Ritifaa yenyewe ina sura mbili: ile iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Kwa jicho letu ni ng'ombe yule yule. Kwa kompyuta ni maandishi mawili tofauti. Wakala akitafuta sura moja kwenye taarifa za ufugaji wa Lushoto, atapata nusu na kuripoti kwamba amemaliza.

Ongeza majina ya mahali. Malindi ni kata ya Lushoto, ni mji wa Kenya, na ni mtaa wa Unguja. Amani na Magamba ni hifadhi za misitu, na ni maneno ya kila siku. Tanga ni mkoa, na tanga ni la jahazi. Herufi kubwa husaidia hadi neno linapoanza sentensi. Ndiyo maana nasema onesho la awali ni la lazima zaidi kwa mafaili ya Kiswahili kuliko ya Kiingereza: lugha yetu inaufanya utafutaji wa herufi kuwa na makosa mengi zaidi ya pande zote mbili, ya kupata visivyotakiwa na ya kukosa vinavyotakiwa.

Wapo watakaosema kwamba git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ipo tangu 2005, kila badiliko linaweza kurudishwa, kwa nini kujichelewesha? Ninawaheshimu, na ndani ya msimbo wana hoja. Msimbo una mkalimani wa kuukataa ukiharibika, una majaribio, una mwenzako anayepitia mabadiliko. Orodha ya mimea haina hata kimoja. Umeshambaa haitaangusha programu yoyote. Badiliko linarudishwa pale tu mtu anapoligundua, na maofisi mengi tunayoyafahamu huhifadhi mafaili kwenye folda ya pamoja au flashi, bila git. Ushahidi wa jinsi kosa la namna hii linavyoishi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barua pepe za Yahoo zilikuwa na kichujio cha usalama kilichobadilisha neno eval kuwa review, hata lilipokuwa ndani ya neno jingine. Neno la Kiingereza medieval, linalohusu zama za kati za Ulaya, likageuka medireview kwenye barua za watu, na kutoka humo likasambaa hadi kwenye tovuti mbalimbali. Hakuna kompyuta iliyoligundua. Waligundua wasomaji.

Kwa hiyo onesho zuri liweje? Vipande vya kulijengea vipo tayari. ripgrep, iliyotolewa na Andrew Gallant mwaka 2016 na inayotumiwa na mawakala wengi, ina chaguo la kuonesha mistari kama itakavyokuwa baada ya kubadilishwa, na kwa makusudi haigusi faili kamwe. Lakini kutoa mistari elfu moja kwenye skrini si kuonesha. Mtu husoma ishirini ya kwanza kisha hubonyeza kukubali.

Ninachokitaka ni kwamba matokeo yapangwe kwa neno zima lililobeba kile kilichotafutwa. Badala ya mistari elfu moja, mtu aone Wasambaa, Kisambaa, Msambaa, umesambaa, zilisambaa, kila umbo mara moja na idadi yake pembeni, pamoja na mstari mmoja wa mfano. Maumbo ya nadra yawe juu. Vifaa vingi huanza na yanayojirudia zaidi, na huo ni mpangilio mbaya kwa kazi hii, kwani umbo linalojirudia mara mia nne ndilo mtu alilolifikiria alipotoa agizo, na lililotokea mara moja ndilo hakulifikiria. Orodha ya maumbo thelathini mtu aliyechoka saa kumi jioni bado anaweza kuisoma.

Kisha idadi. Wakala ataje kabla ya kutafuta anatarajia kupata sehemu ngapi, kwa makisio, na kwa sababu gani. Akitarajia arobaini akapata mia tatu, asimame na kuuliza. Akipata sifuri asimame vilevile, maana sed haitoi kosa lolote isipopata kitu. Alama ya mpaka wa neno inayofanya kazi kwenye Linux inaweza isieleweke na sed ya Mac, kwa hiyo amri ile ile inaweza kumaliza kimyakimya bila kubadilisha chochote, na wakala akaripoti ushindi.

Onesho liseme pia kile ambacho halikukisoma. Hili naliona halipewi uzito wake. ripgrep kwa kawaida huruka mafaili yaliyofichwa, mafaili ambayo git imeambiwa iyapuuze, na mafaili yasiyo maandishi. Hati za Word na majedwali ya Excel ya siku hizi ni mafurushi yaliyobanwa, hivyo utafutaji wa kawaida hauoni ndani yake. Katika ofisi ambayo kumbukumbu karibu zote ziko kwenye Excel, wakala anaweza kutafuta Saintpaulia kwenye folda nzima, akapata sehemu mbili, na kusema kwa dhati kabisa kwamba zimebadilishwa zote mbili. Mstari mmoja tu wa "mafaili haya sikuyafungua" ungebadilisha uamuzi wa mtu.

Mwisho wa mambo ya kiufundi: kilichooneshwa ndicho kifanyike. Kati ya onesho na idhini, mtu mwingine anaweza kuwa amelifungua faili na kuongeza safu. Kifaa kichukue alama ya utambulisho ya kila faili wakati wa kuonesha, na kama imebadilika wakati wa kutekeleza, kikatae na kuonesha upya. Na utekelezaji upitie mlango huo huo, si amri nyingine ambayo wakala ameitunga upya baada ya kupewa idhini.

Haya yote yanaongeza gharama ya tokeni na dakika kadhaa. Nimeyafikiria, na naona ni bei ndogo. Orodha ya maumbo huwa fupi kuliko mistari yenyewe, kwa hiyo wakala anaweza hata kutumia tokeni pungufu kuliko angesoma mafaili kwa kubahatisha. Na kuna jambo ambalo gharama haiwezi kulipima: aliyeketi Lushoto anajua kwamba Malindi inayotajwa kwenye ripoti ya mbogamboga ni ya hapa hapa, na kwamba muwati hauhesabiwi na migunga ya Mkomazi. Ujuzi huo haumo kwenye ruwaza. Unaingia kwenye kazi kupitia tundu moja tu, pale mtu anapooneshwa na kuulizwa.

Kwa vijana wetu wanaojenga huduma za mawakala kwa ajili ya halmashauri, vyuo na taasisi za utafiti: fungeni njia ya wakala kuandika moja kwa moja juu ya mafaili, na wekeni onesho la maumbo kuwa hatua isiyorukika. Anzeni na Kiswahili, maana onesho likifanya kazi kwa viambishi vyetu litafanya kazi kwa lugha nyingi za Kibantu. Kwa mkuu wa ofisi anayeletewa huduma hiyo, kabla hujasaini, omba uoneshwe kitu kimoja: mpe wakala wao folda yenye nakala, mwambie abadilishe Acacia, na uone kama atakuuliza kuhusu muwati. Asipouliza, usimpe mafaili.